Fainali ya msimu bila viunzi na maji? Mimi sikubali

Haya mashindano mapya ya kufunga msimu wa riadha, World Athletics Ultimate Championship ya Budapest, tarehe 11 hadi 13 Septemba 2026, kwa upande wa pesa wamefanya poa sana. Dola milioni 10 kwa jumla, dhahabu moja dola 150,000, na mtu aliyejitesa kambini miaka yote hiyo anastahili hata zaidi. Lakini hebu angalia ratiba: mita 1500 ipo, mita 5000 ipo, mita 3000 kuruka viunzi na maji haipo. Wanaume hawana, wanawake hawana.

Yaani Mkenya wetu Faith Cherotich, aliyebeba dhahabu ya dunia Tokyo 2025 kwa 8:51.59, mbio zake hazimo. Unaita bingwa wa mabingwa halafu bingwa mwenyewe umemfungia mlango, jamani!

Najua wanataka jioni tatu fupi za kutosha kwenye TV, sawa, lakini hizi ni dakika 8 na kitu tu, 5000 ni ndefu zaidi na imo. Na kama wanatafuta msisimko, warudie fainali ya Diamond League, ule msururu wa mashindano ya riadha ya kila mwaka, ya Zürich 2018. Conseslus Kipruto wa Kenya kiatu cha kushoto kilimchomoka mbio zikiwa bado mbichi, akaendelea hivyo hivyo mguu mmoja hauna kiatu, anaruka viunzi vya mbao, anatua kwenye maji, raundi baada ya raundi, mpaka mita za mwisho akambana Soufiane El Bakkali wa Morocco akamshinda, 8:10.15 kwa 8:10.19. Mimi nilikuwa nimesimama nikipiga kelele sebuleni.

Halafu si mara ya kwanza. 2019 Diamond League walitangaza kuzipunguza hizi mbio kwa msimu uliofuata, pamoja na mita 200, kisahani na miruko mitatu, watu wakalalamika, korona ikavuruga msimu, na 2021 zikarudi.

Kuna wanaosema eti zinaboesha kwa sababu Wakenya ndio wanashinda kila siku. Hiyo ilikuwa zamani, kuanzia Amos Biwott 1968 hadi Rio 2016, kila Olimpiki tuliyoenda dhahabu ya wanaume ilikuwa yetu. Siku hizi? El Bakkali kachukua Olimpiki mbili mfululizo, Peruth Chemutai kaipeleka dhahabu ya wanawake Uganda, na Tokyo 2025 Geordie Beamish wa New Zealand, aliyeanguka kwenye mchujo akakanyagwa usoni, ndiye alishinda fainali, sisi tukapata shaba ya kijana Edmund Serem. Sasa ndio zimekuwa za kila mtu, na sasa ndio mnazitoa?

Mashindano yatarudi 2028. Athletics Kenya, shirikisho letu la riadha, waandike barua mapema, kabla ratiba haijapangwa, na Uganda, Ethiopia na Morocco watie sahihi pamoja nao.