Nywele za mama mkwe

Jamani sikieni yaliyonikuta hapa Mtwara, na mjue kabisa kwamba mimi nina upara, tena ule wa kung'aa ambao bodaboda wa Chikongola wananiita Taa.

Juzi nipo kibandani, wateja hakuna, watu wote wanasubiri mnada wa korosho ndo wapate hela, nikaona kwenye grupu kitu kimeandikwa "Nywele zako zina siri gani?" Bando lipo, nikaingia. Swali la kwanza, kifungua kinywa unachopenda. Kuna chapati maji zimemwagiwa asali, kuna mkate wa duara una tundu katikati kama kitumbua kilichotobolewa na panya, kuna maziwa ya mgando yenye matunda ambayo hata majina siyajui. Muhogo hakuna, ming'oko ndo usiseme! Swali la pili msimu unaoupenda, eti wakati wa theluji au wakati majani yanadondoka, sasa sisi huku msimu tunaujua korosho zikidondoka, nikabonyeza majani basi yaishe. La tatu nywele zako. Za dhahabu, nyekundu, za kahawia zenye mawimbi, na nyeusi zilizonyooka mpaka kiunoni. Kipilipili hamna, upara ndo kabisa. Nikachagua nyeusi, angalau rangi tulikuwa nayo zamani.

Kumaliza, wananiambia tuma kwa watu kumi ndo uone majibu. Miwani nimeiacha nyumbani, nikatiki kumi wa juujuu, nikatuma. Majibu yakaja: "Nywele zako zina kiu," na chini yake picha ya chupa ya shampuu, bei kwa dola, nunua hapa. Yani maswali yote yale kumbe nilikuwa najibu tangazo!

Hata sijakaa vizuri, simu. Mama mkwe, Newala. Asubuhi nilikuwa nimemtumia hela ya salfa ya mikorosho kwahiyo kwenye orodha alikuwa juu kabisa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mkwe wangu, nywele zangu umeziona lini?"

Nikaishiwa maneno. Kumbe ule ujumbe ulienda na maneno yake wenyewe, yametafsiriwa na mashine: "Mpenzi, nywele zako zina siri, bonyeza nikuoneshe." Huyu mama tangu nioe sijawahi kumuona bila ushungi, na mimi mwenyewe akipita napisha njia.

Nikamkimbilia mpwa wangu fundi simu. Akacheka mpaka akakaa chini, halafu ananiambia anko usijione mjinga, ile kashfa ya kampuni ya Cambridge Analytica iliyolipuka 2018, jaribio la tabia kwenye Facebook walilijaza watu kama laki 2 na elfu 70, ila waliochukuliwa taarifa, Facebook wenyewe walisema wanaweza kufika milioni 87, maana lilikuwa linazoa na za marafiki. Nikasema basi wangu ni kumi tu, afadhali, ila kati ya hao kumi yupo na karani wa AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, naye kaambiwa nywele zake zina kiu. Wote jibu moja!

Ijumaa nikabeba jogoo nikapanda Newala kuomba radhi. Mama kapokea jogoo, kavaa shungi mbili siku hiyo, hakusema kitu. Naaga naondoka, nasikia sauti ndogo nyuma ya mlango:

"Mkwe, sasa ile chupa yangu inakuja lini?"