Choo kikijaa Tandale, tope linaenda wapi?

Masika yakianza Dar es Salaam, kwenye mitaa ya mabondeni kama Tandale, Manzese na Vingunguti, wapo wenye nyumba wanaosubiri usiku wa mvua kubwa ili watapishe choo. Wanatoboa ubavu wa shimo, maji ya mvua yanabeba kinyesi, na asubuhi kiko kwenye mtaro wanaouruka watoto wakienda shule. Kipindupindu kilipolipuka jijini Agosti 2015, tulikumbushana kunawa mikono na kuchemsha maji. Ni sawa kabisa, lakini mashimo yaliyojaa yalibaki yamejaa. Kosa letu kubwa ni kuhesabu vyoo vilivyojengwa bila kuuliza vinanyonywa lini na nani.

Chukua nyumba moja ya kupanga. Mtu mmoja huacha shimoni wastani wa lita 40 hadi 60 za tope kwa mwaka. Wakiwa watu 20, ni kama lita 1,000, yaani mapipa matano ya lita 200, kila mwaka. Hapo hujaweka maji ya kuogea yanayoelekezwa humohumo, wala pampasi na pedi ambazo haziozi. Shimo la mita mbili za ujazo halimalizi miaka miwili. Gari la majitaka halipiti uchochoroni, kwa hiyo anaitwa chura, kijana anayeingia shimoni na ndoo na koleo, mara nyingi bila buti wala glavu. Au inasubiriwa mvua.

Ipo njia ya kati, nayo imeshatumika Dar: pampu ya mkono ya Gulper. Ni bomba lenye fimbo ya chuma ndani na vali mbili. Ukivuta na kushusha fimbo, tope linapanda na kumiminika kwenye pipa, kisha linabebwa kwa guta. Kazi inakwama kwa sababu zilezile kila mahali. Matambara na pedi huziba vali, hivyo kwanza yaopolewe kwa ndoano ndefu. Tope likiwa zito, limwagiwe maji na kukorogwa. Na shimo lisilojengewa, kwenye mchanga, lisikombwe lote hadi chini, maana kuta zinaweza kuporomoka, na choo pamoja nazo.

Tope likishatoka, umbali ndio unaoamua. Mtu wa guta akiambiwa asukume mzigo kilomita nyingi hadi kwenye mabwawa ya majitaka, ataumwaga mtoni gizani. Kituo cha kupokelea tope karibu na mtaa kina faida kuliko vyoo kumi vipya vya mfano, na ningeanza nacho.

Vingunguti kuna nyumba zilizounganishwa na mtandao wa mabomba madogo ya majitaka, na pale penye maji ya uhakika huo ndio mwelekeo mzuri zaidi. Bomba la inchi 4 linapita uchochoroni, kina kifupi kwa kuwa hakuna magari juu yake, na chemba kwenye kila kona. Mteremko wa sentimita moja kwa kila mita unatosha, ila fundi apime usawa kwa mpira mwangavu uliojazwa maji, asikadirie kwa macho. Maadui ni mchanga wa kusugulia sufuria na mafuta ya jikoni. Weka chemba ndogo ya kuyanasa kabla ya bomba, na isafishwe kila wiki. Nyumba inayonunua maji kwa ndoo isiharakishwe kuunganishwa, maana wakibana maji bomba litaziba.

Fedha ipatikane kidogokidogo, pamoja na bili ya maji au umeme, badala ya kungoja shimo lifurike ndipo wapangaji wachangishwe kwa ugomvi. Serikali ya mtaa nayo ifungue daftari: namba ya nyumba, tarehe ya kunyonya, mapipa mangapi, yamemwagwa wapi. Mpangaji anayetakiwa kutanguliza kodi ya miezi sita alione daftari hilo kabla ya kulipa.