Fasihi ya Marekani: Dunia Imo, Lakini Inasomwa?

Mwaka 2008, muda mfupi kabla ya Tuzo ya Nobel ya Fasihi kutangazwa, Horace Engdahl, wakati huo katibu wa kudumu wa Akademia ya Uswidi, inayotoa tuzo hiyo, alisema Wamarekani wamejitenga mno, hawatafsiri vya kutosha, na Ulaya ingali kitovu cha fasihi duniani. Marekani walikuja juu.

Kwa upande wa waandishi, naona aliwaonea. Fasihi yao ilichanganyika na dunia kabla taifa lenyewe halijazaliwa. Phillis Wheatley alitekwa Afrika Magharibi, akafikishwa Boston mwaka 1761 akiwa na umri wa miaka saba hivi, akauzwa. Alipokusanya mashairi yake, wachapishaji wa Boston hawakumpokea. Waheshimiwa 18, gavana wa Massachusetts akiwamo, walitia saini kuthibitisha kwamba msichana huyo mtumwa ndiye aliyeyatunga, na hata hapo kitabu kilichapwa London, mwaka 1773. Uhuru wa Marekani ulikuja kutangazwa miaka mitatu baadaye. Kwa hiyo mwandishi wa insha Ralph Waldo Emerson aliposimama Harvard mwaka 1837 akiwahimiza wasomi waache kuishi kwa fikra za kuazima Ulaya, sauti ya binti wa Kiafrika ilikuwa imeshatangulia.

Lakini tuangalie dunia hiyo inapewa nafasi gani. Katika riwaya ya Moby-Dick ya Herman Melville (1851), warusha chusa wa Pequod, meli ya kuwinda nyangumi, ni Queequeg wa visiwa vya Pasifiki, Tashtego, Mmarekani wa asili kutoka Gay Head, Massachusetts, na Daggoo, Mwafrika. Wasaidizi wa nahodha, wote watatu, ni wazungu wa New England. Melville hakuficha: msimulizi wake anatamka kwamba Mmarekani hutoa akili, na dunia iliyobaki hutoa misuli.

Mpangilio huo nauona bado katika soko la vitabu, na hapa Engdahl alipatia, ingawa kuiweka Ulaya katikati ni kujifungia kulekule. Afterlives ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, ilitoka Uingereza mwaka 2020. Mwandishi akatwaa Nobel mwaka 2021. Toleo la Marekani lilisubiri hadi 2022. Wala kisingizio cha tafsiri hakikuwepo: riwaya hiyo iliandikwa kwa Kiingereza.