Jeni Moja, Bei Mbili za Maziwa

Mwaka 2002, watafiti wa Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, pamoja na wenzao wa New Zealand, walionyesha kwamba badiliko dogo katika jeni iitwayo DGAT1, iliyoko kwenye kromosomu ya 14 ya ng'ombe, lina athari kubwa kwa mafuta ya maziwa. Jeni hiyo ndiyo yenye maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya (protini inayochochea kazi za kikemia mwilini) kinachokamilisha hatua ya mwisho ya kuunda mafuta. Kimeng'enya hicho ni mnyororo wa asidi amino, na katika nafasi yake ya 232 panapokaa asidi amino iitwayo laisini, mafuta huongezeka na lita hupungua. Panapokaa nyingine, alanini, lita hupanda na mafuta hushuka.

Ugunduzi huu unanivutia kwa sababu unazaa swali ambalo maabara peke yake haiwezi kulijibu: aina ipi ni bora, na ni bora kwa nani? New Zealand mfugaji hulipwa kwa kilo za mafuta na protini, kwa hiyo laisini ina thamani. Kwetu Afrika Mashariki, vituo vingi vya kukusanyia maziwa hulipa kwa lita. Mpokeaji hunusa maziwa, huyachanganya kidogo na alkoholi aone kama yataganda, hudumbukiza laktomita, kipimo kinachoelea, kujua kama yametiwa maji, kisha huandika lita daftarini. Mafuta ni mepesi kuliko maji, hivyo maziwa yenye mafuta mengi huifanya laktomita izame zaidi kidogo, kama yaliyotiwa maji. Mwenye ng'ombe wa mafuta mengi, basi, halipwi chochote kwa mafuta hayo, na siku mbaya anaweza hata kutazamwa kwa jicho la shaka.

Zebu wetu kwa kawaida wana aina ya laisini, ilhali Holstein, ng'ombe wa maziwa wa asili ya Ulaya, wana aina zote mbili, na ndiyo maana chotara wao huwa na mchanganyiko wa aina hizo. Anayechagua mrija wa mbegu za kupandishia ng'ombe kwa kutazama picha ya dume kwenye katalogi hana habari na lolote kati ya haya.

Mfano wa hatari ya kutojua vinasaba ni dume Pawnee Farm Arlinda Chief, wa Holstein. Dume huyo, aliyezaliwa Marekani mwaka 1962, alisifiwa kwa mabinti wenye maziwa mengi na mbegu zake zikaenea duniani. Baadaye sana baiolojia ya molekuli ilibaini kwamba alibeba kasoro katika jeni ya APAF1: kiinitete kinachoirithi kutoka kwa baba na mama hufia tumboni. Kwa miongo kadhaa hasara hiyo ilionekana kama ng'ombe asiyeshika mimba tu.

Hata hivyo, sioni sababu ya kukimbilia mashine za kusoma vinasaba kabla ya kuwa na daftari. Tathmini ya ng'ombe kwa kusoma vinasaba, iliyoanza rasmi Marekani mwaka 2009 kwa Holstein, ilifaulu kwa kuwa nyuma yake zilikuwapo kumbukumbu za ukamuaji za miaka mingi. Mradi wa ADGG (African Dairy Genetic Gains), wa kuboresha vinasaba vya ng'ombe wa maziwa Afrika, ulioongozwa na ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, na kuanzia Tanzania na Ethiopia, umeshika njia ninayoiafiki: kupima maziwa ya chotara wanaolishwa majani na pumba tunazozijua, kwenye mazizi ya wafugaji wadogo, kisha kuoanisha vipimo hivyo na vinasaba vya ng'ombe hao hao. Ningependa vituo vya maziwa navyo vianze kupima mafuta na kuyalipia, maana bila bei hiyo mfugaji ataendelea kuchagua lita, na atakuwa na haki.