Nusu saa ya kwanza tu

Kuna mwandishi ameandika ati Skinamarink ndo muvi ya kutisha kushinda zote, hapo mimi sikubali. Mwanzo wallahi ilinishika, watoto wawili, Kevin na Kaylee, waamka usiku baba hayuko, mara milango haipo, madirisha hayapo, hata choo kimepotea! Sisi hapa Kisauni tulizima taa mimi na binamu yangu, feni ya dari nayo yalia kwichi kwichi, kila ikilia twarukiana. Bas, muvi ikakwama hapo hapo, dakika 100 ni kona ya ukuta, zulia, dari, katuni za zamani kwa tivi, binamu huyo ashaanza kukoroma na kiazi karai kiko mkononi. Kuna sauti gizani yamwambia mtoto ajitie kisu jichoni ilinitoa jasho kweli, alafu tena zulia jamani! Na sidharau bajeti ndogo, mwelekezi wake Kyle Edward Ball aliishuti kwa kama dola 15,000 tu, ndani ya nyumba aliyokulia huko Edmonton, Kanada, heko zake. Lakini yani angeikata ibaki nusu saa hivi, siku hiyo tungelala na taa.