Golf GTI huku kwetu Tabora na Kigoma: injini ni nzuri, ila inataka mtu wa kuiangalia

Mdogo wangu yuko Kigoma, Mwanga, kapata Volkswagen Golf GTI ya 2007 inauzwa Dar kwa bei inayotamanisha kwa kweli, sasa nyumbani imekuwa kesi. Baba mdogo anasema asiguse gari yenye tabo (turbo, kile kifaa cha kusukumia hewa kwenye injini), achukue Toyota Runx alale usingizi. Dogo anasema baba mdogo anaongea hivyo kwa sababu hajawahi kuikanyaga. Wamenipigia mimi kwa kuwa natembelea gari hiyohiyo hapa Tabora mwaka wa nne sasa, nikaona bora niandike maana kwenye simu haya mambo hayaishi.

Dogo ana hoja. Injini ni cc 1984, silinda nne, farasi 200, torki (ile nguvu ya kuvuta) Nm 280, na hiyo torki yote unaipata kuanzia mzunguko wa 1,800 mpaka 5,000. Ile Runx kali yenye injini ya 2ZZ ina farasi 190, kwa kutazama karatasi tu unaona hazipishani, ila torki yake ni 180 na inakuja mshale ukishafika 6,800 huko, yani mpaka uilize injini ndo gari iende. Halafu kuna kitu wengi hawakihesabu, Tabora tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, injini isiyo na tabo inapoteza sehemu moja ya kumi ya nguvu zake au zaidi kidogo, ila yenye tabo inajisukumia hewa yenyewe kwaiyo huo upungufu huusikii sana. Ukipanda kutoka ziwani kwenda Kasulu na watu wanne ndani ndo utaelewa, hubadilishi gia kila kona, gari inavuta tu.

Sasa hiyohiyo tabo ndo inaleta masharti. Ni feni mbili kwenye shafti moja, moja inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nyingine inasukuma hewa kuingia, na shafti inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika ikiwa imeelea kwenye oili. Oili ikipungua, ikichoka au ikiwa sio yenyewe, shafti inakula chuma. Ndo maana gari ukishaikimbiza unaiacha inguruma taratibu dakika moja mbili kabla ya kuzima, na hata ukizima utasikia pampu ndogo ya umeme inaendelea kuzungusha maji (sio ubovu, imetengenezwa hivyo, usikubali mtu akuchomolee waya). Ulaya zilipangiwa sevisi mpaka kilomita 30,000 kwa oili ya longlife, yani ya kukaa muda mrefu. Kwa vumbi letu na joto la Oktoba hilo sikubaliani nalo kabisa, mimi namwaga kila 7,000, natumia oili yenye namba 502 00 kwenye kopo (kiwango cha Volkswagen wenyewe), na dipstiki naichomoa kila Jumamosi asubuhi kabla sijawasha. Mwaka wa kwanza gereji moja ilinimiminia oili ya kwenye pipa, ile nzito ya malori, kisa eti oili ni oili. Niligundua kesho yake nikaimwaga yote, na roho iliniuma sana.

Kitu ambacho baba mdogo hakijui ila kingempa ushindi ni kile kikombe cha pampu ya petroli. Injini hii inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwaiyo ina pampu ya presha kubwa inayosukumwa na kemshafti (shafti inayofungua valvu), na katikati ya kemshafti na pampu kuna kikombe kidogo cha chuma, upana wake kama sarafu kubwa. Kikitoboka, kemshafti inagonga pampu yenyewe na vipande vya chuma vinaingia kwenye oili. Mwaka wa pili nilikifungua changu, bolti tatu tu. Kikiwa kizima juu yake ni cheusi tititi, changu kilikuwa na duara jeupe linang'aa katikati, na ukipitisha kucha unasikia kabonde. Kipya kilikuja na basi kutoka Dar. Toka hapo kila kilomita 15,000 nafungua naangalia.

Na kwa kuwa petroli haipiti kwenye valvu za kuingiza hewa, hakuna kinachoziosha. Mvuke wa oili unagandia pale, unakuwa kama masizi ya sufuria ya kuni, gari inaanza kutetemeka asubuhi. Tulishinda siku nzima na brashi na dawa, silinda moja moja. Mafuta nayo, injini imeandaliwa kwa petroli ya oktani 98 (namba ya ubora wa petroli, ikiwa ndogo injini inagonga), chini kabisa 95. Ukiweka petroli ya chupa kule vijijini, sensa inasikia injini inagonga, inachelewesha moto, na zile farasi ulizolipia zinapungua.

Kuna wanaomshauri dogo aruke hiyo achukue ya 2009 kuja juu, eti ile kemshafti yake inazungushwa na cheni sio belti, na cheni haikatiki. Sio kweli hivyo. Injini za mwanzo za aina ile zina kikaza cheni kinacholegea, cheni inaruka meno, pistoni zinakutana na valvu, na hapo injini imekwisha. Ukisikia mkwaruzo sekunde chache ukiwasha ya baridi, kimbia. Ya 2007 ni belti, belti angalau unaipangia siku ya kubadilisha.

Hoja nzito ya baba mdogo mimi naiona kwenye mikono sio kwenye injini. Runx ikiharibika Urambo au Uvinza fundi yupo, spea ipo, jioni unaendelea na safari. GTI ikiwasha taa unahitaji mashine inayoisoma vizuri na mtu anayejua kutafsiri anachokisoma, na kwa mtu wa Kigoma hapo kuna kusubiri. Mimi nimeweza kwa sababu nina pikipiki ya kutembelea wakati spea bado iko njiani, nina kisomeo changu mwenyewe, na nimetenga hela ambayo haiguswi. Dogo akitegemea gari hiyo moja kwa kazi za kila siku namuunga mkono baba mdogo, moja kwa moja. Ila dogo ana mkokoteni wa biashara tayari, Probox, na GTI anaitaka kwa mapenzi.

Kwaiyo nimemwambia asafiri aende, aombe risiti ya mara ya mwisho belti kubadilishwa, awashe injini ikiwa ya baridi, na muuzaji amruhusu kufungua zile bolti tatu. Kikombe kikiwa cheusi tuongee bei. Akikataliwa kufungua, apande treni arudi na hela yake.