RE Amemiya na mbio za magari: mwenye RX-7 wa kawaida alipata nini?

Wapenzi wa magari ya Kijapani hawakai pamoja muda mrefu kabla ubishi wa rotari, injini ya Mazda isiyo na pistoni, haujaanza. Mmoja atakutajia mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, za 1991, ambazo Mazda ya rotari ilishinda. Mwingine atakuuliza injini hiyo imefanyiwa ovahoo (kufunguliwa na kujengwa upya) mara ngapi tangu inunuliwe. Wote wawili wana hoja, na sioni gereji inayoubeba ubishi huu kuliko RE Amemiya, iliyoanzishwa na Isami Amemiya mwaka 1974 na ambayo sasa iko mkoani Chiba, mashariki ya Tokyo. Si kiwanda wala tawi la Mazda. Ni gereji binafsi ya kutyuni magari ya rotari, na bado iliipeleka RX-7, gari la michezo la Mazda lenye injini hiyo, kwenye mbio za GT za Japani kuanzia miaka ya 1990 hadi 2010, ikachukua ubingwa wa GT300, daraja la chini la mbio hizo, mwaka 2006. Ninalotaka kulipima ni hili: je, mbio hizo zilimnufaisha mtu mwenye RX-7 ya kwendea kazini, au zilimuuzia ndoto?

Lazima kwanza injini yenyewe ieleweke. Rotari haina pistoni wala vali. Ina rota yenye pembe tatu inayozunguka ndani ya ganda lenye umbo la namba nane iliyojaa kiunoni, na kila pembe ina sili nyembamba inayosugua ukuta wa ganda muda wote. RX-7 ya FD, yaani toleo la tatu, iliyotengenezwa kuanzia 1991 hadi 2002, ina rota mbili za sisi (sentimita za ujazo) 654 kila moja, jumla sisi 1,308, pamoja na tabo mbili, yaani feni zinazosukuma hewa ya ziada ndani ya injini. Kwa injini ndogo kiasi hicho, kupata nguvu za farasi 255 mwanzoni, kisha 280 kuanzia 1999, lilikuwa jambo kubwa.

Gharama yake ni joto. Hewa huingia upande uleule wa ganda kila mara na mlipuko hutokea upande mwingine uleule, kwa hiyo upande mmoja unaungua na wa pili unabaki na nafuu. Oili nayo hudungwa makusudi ndani ya chemba ili kulainisha sili, kisha inaungua pamoja na mafuta. Mafuta yakilipuka kabla ya wakati wake, sili inavunjika, na kipande chake kinachana ganda kabla ya kutoka na moshi na kwenda kupiga mapanga ya tabo. Uharibifu wote huo unaweza kumalizika ndani ya sekunde chache.

Sasa wanaotetea mbio. Hoja yao kubwa ni kwamba mashindano yanamlazimisha fundi kusema kweli. Ukiwa gerejini unaweza kumwambia mteja injini ni nzima; ukiwa kwenye viwanja vya mbio vya Fuji au Suzuka kwa mamia ya kilomita, joto litakuumbua. Gari lililochukua ubingwa wa 2006, likiwa na rangi za mdhamini wake Asparadrink, liliendeshwa na Tetsuya Yamano na Hiroyuki Iiri, na lilishindana na magari ya pistoni yaliyokuwa na timu zenye uzoefu mkubwa. Wakati huo Mazda ilikuwa imeshaacha kutengeneza RX-7 kwa miaka minne. Maana yake gereji ndiyo iliyoibeba rotari uwanjani wakati kiwanda kimekaa pembeni, na mimi naliheshimu sana hilo.

Kuna faida nyingine isiyosemwa sana: wateja wa mbio na wa barabarani wanafanya mafundi wabaki kazini. Rotari si injini ambayo fundi yeyote wa mtaani ataifungua akaifunga ikawaka vizuri. Anahitaji mkono uliozoea kupima uchakavu wa ganda, kulinganisha sili, na kuzipanga chemchemi zake bila kukosea. Gereji ikiwa na jina, vijana wanakuja kujifunza, watengenezaji wa vipuri wanaendelea kutengeneza, na ujuzi unarithiwa. Ni kweli kwamba mwishoni mwa 2020 Mazda ilitangaza kuanza kutoa upya baadhi ya vipuri vya RX-7 za FC (toleo la pili) na FD. Lakini katika miaka yote ya katikati, waliowashikilia wenye magari haya walikuwa akina Amemiya na wenzao.

Upande wa pili unaanza na swali gumu: ni injini gani hasa iliyoshinda? Si ile iliyo chini ya boneti ya mteja. RX-7 ya GT300 ilitumia 20B, injini ya rota tatu iliyotokana na ile ya Eunos Cosmo, gari jingine la Mazda, tena bila tabo. FD ya barabarani ina rota mbili na tabo mbili. Kutoa tabo ni kuondoa sehemu kubwa kabisa ya joto na ya hatari ya mlipuko wa mapema, yaani kuondoa ugonjwa wenyewe unaomtesa mwenye FD. Kwa hiyo anayesema "rotari ni imara, si umeona 2006" anatoa ushahidi wa gari jingine.

Halafu kuna dereva. Yamano alichukua ubingwa wa GT300 mwaka 2004 akiwa na Honda NSX, 2005 akiwa na Toyota MR-S, na 2006 akiwa na RX-7. Miaka mitatu mfululizo, magari matatu ya kampuni tatu. Siwezi kuyaangalia matokeo hayo nikampa rotari sifa zote.

Hata Le Mans, ambako ushindi ulikuwa wa Mazda yenyewe na si wa gereji, panahitaji uangalifu. Ile 787B, gari la mbio la Mazda, namba 55 ya madereva Johnny Herbert, Volker Weidler na Bertrand Gachot ilimaliza mizunguko 362, na ushindi wake ni halali kabisa. Lakini Mazda ilikuwa imejadiliana na kuruhusiwa kukimbia na uzito wa kilo 830, wakati Jaguar na Mercedes zilizokuwa mbele kwa nguvu zilibeba kilo 1,000. Na ile hadithi kwamba rotari ilipigwa marufuku kwa sababu ya kushinda si sahihi: mpango wa kuhamia injini za pistoni za lita 3.5 ulikuwa umeshapangwa kabla ya mbio hizo. Mashabiki wanaoirudia hadithi hiyo wanaipunguzia heshima injini ambayo haihitaji kusaidiwa kwa uzushi.

Kinachonisumbua zaidi ni biashara inayofuata ushindi. RE Amemiya inajulikana duniani kwa bodikiti zake (bampa na vipande vya nje vya kubadilisha umbo la gari) na taa za mbele zisizoinuka kama zilivyo za FD asilia, na sina tatizo na hilo. Gari linapendeza na gereji inakula. Tatizo ni mteja anayeona bango la ubingwa, akafunga tabo moja kubwa, akapandisha presha, na kuacha rejeta na mfumo wa mafuta kama vilivyotoka kiwandani. Kwa FD huko ni kujitakia. FD nzima zilizotengenezwa ni takriban 68,000, na kila ganda linalochanika ni moja limepungua.

Nikiweka yote kwenye mizani, naegemea upande wa mbio, ila si kwa sababu inayotolewa na mashabiki. Sikuvutwa na nguvu za farasi. Kilichonivuta ni nidhamu ambayo mbio zinaifundisha na ambayo kwa kweli inahamishika hadi barabarani. Chukua mfano wa mpangilio wa umbo la V, ambao RE Amemiya wanauuza kwa FD: rejeta na kipoza-hewa cha tabo vinalazwa vikitazamana kama herufi hiyo mbele ya injini, kila kimoja kikipata hewa yake safi, badala ya kimoja kupokea joto la mwenzake. Hauongezi farasi wengi. Unashusha joto la maji na la hewa inayoingia, na hilo ndilo linalookoa sili. Mteja anayeanza na kifaa kama hicho, kisha akafikiria tabo, amezielewa mbio. Anayeanza na tabo amesoma bango tu.

Mfano wa pili ni upimaji. Injini ya rotari haipimwi kwa geji ya kawaida ya mgandamizo, kwa sababu kila rota ina chemba tatu na geji hiyo itakuonyesha iliyo juu tu. Fundi anatoa plagi, anafunga kipimo maalumu, anazungusha staata na kusikiliza: pumzi tatu, zilizo sawa, tena na tena. Pumzi moja ikiwa dhaifu, kuna sili iliyochoka. Kwa 13B, injini ya FD, namba nzuri ni kama kilo 8.5 kwa kila sentimita ya mraba katika mizunguko 250 kwa dakika, na ikikaribia 7 injini inahitaji kufunguliwa. Timu ya mbio haiwezi kuishi bila vipimo vya namna hii. Wenye magari wengi hawajawahi kuviomba hata mara moja.

Tangu 2006 hakuna rotari iliyochukua tena ubingwa wa GT300, na magari ya GT3, yaani ya mbio yanayonunuliwa tayari kutoka viwandani, yamelijaza daraja hilo. Rotari ya sasa ya Mazda, ile ya rota moja ya sisi 830 kwenye MX-30 ya 2023, kazi yake ni kuzalisha umeme tu. Lakini RX-8, magari ya Mazda ya rota mbili yaliyotengenezwa hadi 2012, zimetua Mombasa na Dar es Salaam kama magari yaliyotumika Japani, na nyingi zimebadilisha mikono. Anayetaka kununua moja leo asianze na rimu wala ekzosi. Amwombe muuzaji namba za chemba zote sita, na kama hakuna kipimo cha kuzitoa, bei ijumuishe gharama ya ovahoo.